Njuga Shingoni mwa Mbwa Wanne

Nilipokuwa na mbwa wanne, kila mtu alijua kwamba nakosea isipokuwa mimi. Leo ni mzee na nimekubali makosa mengi, lakini hilo la kufuga mbwa wanne sijalikubali mpaka sasa. Kosa langu lilikuwa jingine, na nitalisema mwenyewe.

Nilisoma sekondari Kigoma hadi kidato cha pili, nikaacha, nikaoa, nikabaki huko huko nikifanya vibarua. Baba alipofariki nikaitwa nyumbani, kwenye vilima vya upande wa Kumsenga. Mama alikuwa ametangulia zamani. Nilimkuta mdogo wangu wa kiume, mashamba ya maharage na mihogo, ng'ombe mmoja mzee na mtamba wake mwekundu, ambaye hajazaa bado. Juu ya mifugo baba aliacha neno moja tu, na alilisema mbele ya wazee: mtamba yule ni wa kumwozea mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimeshaoa kwa ng'ombe wa baba huyo huyo. Kwa hiyo mtamba alilala zizini mwangu, akala majani niliyomkatia, lakini hakuwa wangu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na siwezi kusingizia kwamba nilisahau.

Wangu walikuwa yule ng'ombe mzee, niliyemrithi kama mkubwa, na mbwa. Wawili niliwarithi. Wa tatu, jike jekundu lenye kifua cheupe, nililifuata Kasulu, nikalitoa kwa jembe jipya na debe la maharage. Nyayo zake zilichanika njiani, nikalibeba mabegani kama mbuzi, na watu tuliokutana nao waliniuliza kama nimeoa. Wa nne alikuwa mwanawe. Nilipaswa kumgawa akiwa mdogo. Sikuweza, basi.

Mbwa wa kwetu ni wa kuwindia na hana kelele, kwa hiyo huvishwa njuga ya chuma shingoni ili ujue yuko wapi kichakani. Kuna utaratibu wake. Mnapotoka nyumbani, njuga unaijaza majani makavu isilie. Mkifika porini unayatoa majani, na mbwa akiisikia tu njuga yake anajua kwamba kazi imeanza na kila kinachokimbia mbele yake ni halali yake. Mkirudi, unaivua kabla mbwa hajanywa maji. Baba alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa sala. Njuga zake zilikaa zikining'inia ukutani, na mbwa wake walipita katikati ya kuku kama vipofu.

Nyama nayo iligawanywa kwa utaratibu. Mwenye mbwa aliyeuma kwanza alichukua mkono wa mnyama, na kila mbwa alihesabiwa fungu kama mtu. Mimi mwenye mbwa wanne nilirudi na mafungu ya watu watano. Hesabu yangu yote ilikuwa hapo. Watu waliponiuliza mbwa wanne nawalisha nini, niliwajibu kwamba wao ndio wananilisha mimi. Mke wangu hakusema kitu, maana nyama aliiona, na jirani asiye na mbwa aliipata kutoka mkononi mwake.

Kisha serikali ikatuhamishia kijijini. Nyumba zilijengwa kwa mistari kando ya barabara ya kwenda Kibondo, na pori tukaliacha nyuma pamoja na miji yetu ya zamani, kila ukoo na wake. Wenzangu wa kuwinda waligawanywa huku na huku. Siku zikawa za kukata miti, kukandika kuta na kulima shamba la kijiji. Uwindaji ukafa bila mtu kuukataza, lakini mbwa hawakuacha kula.

Mke wangu alianza kwa utani. "Baba watoto, leo nipike sufuria ya watu kwanza au ya wakubwa?"

"Wakubwa gani?"

"Hao wanne waliokaa mlangoni wakinihesabia unga."

Baadaye utani ukaisha. Unga wa muhogo uliokuwa utufikishe mavunoni uliisha kabla maharage hayajatoa maua. Nikaanza kuuza maharage ya mbegu ili ninunue dagaa za kuchanganya katika chakula cha mbwa. Bwana mifugo wa Kibondo, kijana aliyeletwa kutoka mikoa ya kaskazini, alipokuja kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, kila mtu alileta wake mmoja na kulipa. Mimi nilifika na kamba nne mkononi.

"Bwana," akasema, "wewe unalipwa mshahara gani?"

"Mimi ni mkulima."

"Mbwa wanne ni mtoto wa shule anayekaa bweni. Tofauti yake, huyu wa bweni iko siku atamaliza."

Foleni nzima ilicheka. Nikalipia wote wanne, na siku hiyo nikarudi nyumbani bila chumvi wala mafuta ya taa.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kijijini mbwa hawakukuzoea. Kila mara walirudi kwenye mji wa zamani, wakalala juu ya majivu yetu. Niliogopa wangepotea, au wangepigwa na watu wasiowajua. Basi nikawavisha njuga, nikawaachia mchana kutwa, ili nisikie wako mstari gani. Ukweli mwingine ni kwamba niliupenda ule mlio. Sikuwa tena na nyama ya kumpa mtu, lakini njuga zikilia watu waligeuka.

Mdogo wangu ndiye aliyeniambia. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Kaka, baba alikuwa anazivua."

"Baba hakuishi kwenye mistari."

"Mbwa hajui mistari," akasema, akaendelea kunoa jembe lake.

Wakati huo yeye alikuwa na lake moyoni. Alikuwa amepata mchumba Gwarama. Pombe ya kubishia hodi tulikwisha kuipeleka, baba wa binti akaipokea, akasema anachosubiri sasa ni kusikia kwato. Tulipanga mtamba apelekwe baada ya mavuno. Mdogo wangu alimpiga mswaki wa majani kila jioni, mpaka mke wangu akamuuliza kama anakwenda kuoa au kuolewa na ng'ombe.

Alasiri moja mvua ya radi ilianza ghafla. Mbuzi wa jirani yetu wa mstari wa pili, mjane mwenye watoto wadogo, walikata kamba wakakimbilia bondeni. Mbwa wangu waliwaona wakikimbia. Njuga zilikuwa shingoni na zinalia. Nilizisikia zikishuka bonde kwa ule mwendo ninaoujua, na nikajua kabla sijafika.

Mbuzi watatu walikuwa chini. Mbwa hawakuwa wamekula hata unyoya. Walikuwa wamekaa pembeni, ndimi nje, kila mmoja kwenye nafasi yake, wakinisubiri nipasue nyama niwape maini kama ilivyo desturi. Jike jekundu lilitikisa mkia liliponiona. Walifanya kazi niliyowafundisha, na waliifanya vizuri.

Baraza liliitwa kesho yake. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mpole, lakini hukumu alikuja nayo tayari: mbwa wote wanne wauawe, na mwenyewe alipe kidogo atakachoweza.

Nikasimama. "Ndugu Mwenyekiti, mbwa hawana kosa. Njuga ilikuwa shingoni, na aliyeifunga ni mimi."

"Kwa hiyo tukuue wewe?"

Watu wakaangua kicheko. Mjane hakucheka.

"Mimi sitaki mbwa waliokufa," akasema. "Wataninyweshea watoto maziwa? Nataka mbuzi wangu."

"Mbuzi sina," nikasema.

"Basi mbwa wafe," mtu akadakia nyuma, "na wewe ubaki na njuga, uzivae mwenyewe."

Hapo ningeweza kunyamaza. Mbwa wote wanne wangekufa, ningetafuta mmoja kama kila mtu, na mambo yangeishia pale. Mpaka leo wapo wanaonieleza kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa akili. Mimi sioni akili katika kumuua mtumishi kwa sababu bwana wake ametoa amri ya kipumbavu. Nilisema mbwa watalipiwa wote, na nikaulizwa kwa kitu gani. Nikataja mtamba.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye gogo, upande wa vijana. Hakusimama. Mwenyekiti alimtazama, kisha akanitazama mimi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mji, na kwa desturi yetu neno la kaka mkubwa juu ya zizi halipingwi hadharani. Wazee waliomsikia baba walikuwa wametawanywa vijiji vingine. Nilijua hivyo nilipofungua mdomo.

Mtamba alizidi thamani ya mbuzi watatu, kwa hiyo tukakubaliana kama inavyofanywa kwetu: ndama jike wa kwanza atarudi kwangu. Nikamweleza hilo mdogo wangu jioni, kana kwamba namletea zawadi.

"Ndama jike wa kwanza ni wako. Gwarama watasubiri."

"Mtamba hajapandwa bado, kaka."

"Atapandwa."

"Na akizaa dume?"

Niligeuka nikafunga zizi. Akaniuliza jambo moja tu, bila hasira: "Kama ingebidi uwalipie mbwa wale kwa ng'ombe wako mzee, ungewalipia?"

Ng'ombe mzee alikuwa akitoa maziwa ya watoto wangu. Nilimwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Gwarama hawakusubiri. Yalipopita mavuno, mdogo wangu alijifunga nguo zake katika kanga kuukuu ya mama, akasema anakwenda Tanga kwenye mkonge, kama walivyokwenda wengi wa kwetu kabla yake. Nilimsindikiza hadi mwisho wa mstari wetu. Mbwa wote wanne walimfuata, maana yeye ndiye aliyekuwa akiwapa maji. Walikwenda naye mbali barabarani mpaka akasimama na kuwageukia. Nilimsikia vizuri.

"Rudini kwa aliyewalipia," akawaambia.

Wakarudi. Njuga nilikuwa nimekwisha kuzivua, kwa hiyo walikuja kimya.

Mtamba alizaa dume, akazaa tena dume. Nililima, nikabeba mizigo ya wenye maduka wa Kibondo, nikalisha mbwa wangu kwa jasho langu na hawakugusa tena unga wa watoto. Mmoja mmoja walikufa kwa uzee, na kila mmoja nilimzika. Kisha nikanunua mtamba mwingine Kasulu, mwekundu kama yule wa baba. Nikatuma salamu Tanga kwa mtu aliyekuwa anarudi mkongeni: mwambie mali yake ipo. Salamu zilirudi mwaka uliofuata: "Mwambie awalishe mbwa."

Hakurudi, na siwezi kumlaumu. Sijuti kwa mbwa hata mmoja. Wakirudi leo wote wanne nitawafungulia mlango. Ninachojutia ni kuwa jeuri kwa mali ya mtu mwingine. Mbwa wangu, kosa langu, lakini ng'ombe wake. Ningempeleka ng'ombe wangu mzee, watoto wangu wangekunywa uji mkavu, na jeuri yangu ingekuwa halali.

Mtamba yule wa Kasulu amekwisha kuwa bibi na kupita. Uzao wake ninao zizini, na watoto wangu wanajua kwamba hawauzwi, hata kwa ada, hata kwa hospitali. Fedha za hayo nazitafuta kwingine. Ng'ombe wale wana mwenyewe, na asipokuja yeye watakuja wanawe. Wanalindwa na mbwa watatu. Wajukuu wananiambia watatu ni wengi, gharama imepanda. Nawaambia gharama yao naijua kuliko wao, na sitapunguza. Njuga ziko ukutani.