Ngoriba kwa Herufi Ndogo

Vumbi likipata moto lina harufu yake. Si ya moshi, wala si ya kitu kinachoungua. Ni harufu ya joto kavu, kama shati lililopigwa pasi ya makaa. Nikiinusa hata leo, mahali popote, narudi Witeithie, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mami la kushona nguo, mvua ya Aprili ikipiga mabati hadi watu wawili walioketi kitanda kimoja wanalazimika kupaza sauti. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, robota za kitambaa cha sare za shule, na pazia lililotutenga na duka. Upande wa pili wa pazia cherehani ilikimbia ikasimama, ikakimbia ikasimama, miguu ya Mami juu ya kile kikanyagio kama ya mtu aliye kwenye safari ndefu bila kutoka alipo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nimelala nyumba nyingi tangu hapo, nyingine zina vigae, lakini ndotoni huwa niko chumba kile, na nje kunanyesha.

Kompyuta ililetwa na Tata Njeri, dada yake Mami, aliyekuwa akifagia ofisi moja huko Ruiru. Ofisi ilikuwa ikitupa mashine zake kuukuu, naye akaomba moja. Aliifikisha imefungwa kwa shuka: monita yenye mgongo kama ng'ombe aliyelala, sanduku la chuma, kibodi na waya tele. Tulipoiwasha ilinguruma, ikatoa ile harufu, ikakwama kwenye skrini ya buluu. Virusi, alisema Tata. Ndiyo maana mtu mmoja wa pale ofisini alimpa pia CD iliyoandikwa kwa kalamu nene, na karatasi ya maelezo, akamwambia hiyo ni Linux, haiuzwi, mtoto anayejua kusoma anaweza kuiweka mwenyewe. Mami aliichukua ile CD akaisoma polepole. "Rinaksi," alisema. Nami papo hapo nikamrekebisha: ni Linux, Mami. Alinitazama kidogo, akairudisha mezani. Nitaandika maneno yake jinsi alivyoyasema. Asiyependa na aache kusoma hapa.

Nilikuwa mtoto wa kurekebisha watu, na sikuzaliwa hivyo. Shuleni kwetu kulikuwa na kitu kinaitwa diski, kipande cha mbao chenye tundu na kamba. Ukisikika ukiongea Kikuyu, au ukishrabu, yaani ulimi wako ukaweka r mahali pa l, unavalishwa shingoni, unatembea nayo mpaka umnase mwenzako umvishe. Aliyefika nayo jioni alichapwa. Na juu ya ubao, kwa chaki za rangi, mwalimu alikuwa ameandika: Mwacha mila ni mtumwa. Miaka yote ile hakuna aliyecheka. Mimi niliivaa mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya neno kalamu, nikaapa haitanipata tena. Niliufundisha ulimi wangu kama watu wanavyofundisha mbwa. Kisha nikarudi nyumbani nikaanza kumfundisha mama yangu.

Tulianza siku ya pili ya likizo, baada ya chai. Karatasi ilisema tubonyeze kitufe fulani cha juu mara tu mashine inapowaka, nasi tukachelewa mara tatu, mara ya nne ikatii. CD ikazunguka kwa mlio wa nyuki walio mbali. Skrini ikageuka rangi, ikaanza kutuuliza maswali kwa Kiingereza, mimi nasoma, Mami anashona, natafsiri kwa sauti kupitia pazia. Tulienda vizuri mpaka swali moja lililonifanya niondoe mkono kwenye kipanya. Nilimwambia Mami inauliza kama tufute diski yote, na kwamba tukikubali kila kilichomo kitaisha na hakitarudi. Cherehani ikanyamaza. Alipita pazia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimama nyuma yangu.

"Ni diski, sivyo?"

"Ndiyo, Mami."

"Mimi niriivaa mpaka darasa ra saba," alisema. "Futa. Futa yote."

Nikafuta. Tulipofika mahali pa kuchagua saa, skrini ilijaa ramani ya dunia, bahari zote zimetulia, na nukta moja ikatua Nairobi. Mami aliuliza Witeithie iko wapi. Nikamwambia haiko. Akauliza pia habari ya Ngoliba. Ngoliba ndiko kwao, kule chini mashariki ya Thika, nchi kavu ya ndengu na mawe, ambako cucu, yaani nyanya yangu, mama yake Mami, alikuwa bado analima. Nikamwambia nayo haiko. Aliitazama ile ramani kwa muda mrefu, mvua ikizidi, kana kwamba akingoja, mahali pake patajitokeza. Hata mashine ilipotaka neno la siri, alinisukuma kando kwa nyonga. Alisema nyumba ni yake na ufunguo ni wake, nigeukie ukuta. Niligeuka. Nilisikia kidole chake kimoja kikitafuta herufi, kikapata, kikatafuta. Nilihesabu. Saba. Akarudia mara ya pili, saba tena, na mashine ikakubali.

Haraka haraka haina baraka, na yule aliyesema hivyo nadhani aliwahi kungojea ule mstari wa kwenye skrini unaoonyesha kazi imefika wapi, hadi ujae. Mvua mbili zilinyesha zikakatika. Mwishoni tuliambiwa tuitoe CD, sisi tukaiacha humo, tukidhani ni kama ufunguo wa gari, usipokuwemo gari haliendi. Mashine ikazima, ikawaka, ikarudi palepale mwanzo, ikituuliza tena lugha yetu. Nililia. Mami aliketi kitandani akacheka hadi akashika mbavu, kisha akakibonyeza kile kidude, mlango mdogo ukajifungua kama mdomo wa mtoto anayelishwa kwa kijiko, akaitoa CD mwenyewe. Ikawaka. Akaandika neno lake huku nimegeukia ukuta, na mbele yetu kukawa na uwanja mtupu wa rangi ya udongo uliolowa, bila kitu chochote, safi, wetu.

Wiki iliyofuata sijui niieleze vipi. Kila alasiri Mami alinifungulia, nami nikajifunza kuandika, kuchora mistari, kupanga maneno katikati ya ukurasa. Alikuwa ameshapanga kila kitu: mbele cherehani, nyuma mimi nikiwaandikia watu barua zao na kadi za harusi, na nje kibao kipakwe rangi upya. Alisema hivyo akiwa na pini mdomoni. Mimi nilikuwa nikiviona vyote, rangi ya kibao na watu kwenye foleni wakikung'uta miavuli.

Ndipo Anko akasikia. Huyu ni kaka mkubwa wa baba yangu. Baba mwenyewe alikuwa ameondoka, si kwa kufa, kwa miguu yake miwili, na tangu hapo Anko alijiona msimamizi wa kila kilichoingia kwetu. Alikuwa karani, akiishi Mwiki, Kiswahili chake kimenyooshwa na Kiingereza chake kimevaa tai. Alituma habari kwamba atakuja Jumamosi kuitazama hiyo mashine, na kama imekaa tu kama pambo, ataipeleka kwake, wako watoto wa sekondari. Mami alisema aje tu, ataikuta inafanya kazi. Lakini Jumatano ujumbe ukatoka Ngoliba: mvua imeshuka, cucu hana mtu wa kupanda naye. Mvua ya kule haimngoji mtu. Mami alinikabidhi kwa jirani yetu Mama Lucy nilale kwake, akaniachia ufunguo wa duka, na mlangoni akanishika sikio, akaninong'oneza neno la siri. Alisema ni jina la kwao, kwa herufi ndogo. Nilitabasamu. Ningekisia mwenyewe. Herufi saba.

Niliandika ngoliba. Ikakataa. Nikaandika polepole, ikakataa. Niliandika Alhamisi yote na Ijumaa yote, kwa herufi kubwa, kwa nafasi katikati, kwa macho yamefumbwa. Simu ya Mami ilikuwa imezimika, kule ilichajiwa sokoni, na nani angeacha shamba likiwa bichi aende sokoni? Nilimkasirikia. Nilifikiri, hajui kuandika hata jina la kwao. Nilifikiri hivyo, na nilikuwa nimeshika jibu mkononi bila kulijua.

Jumamosi asubuhi Mama Lucy aliniomba nimtafutie blauzi yake iliyokuwa tayari. Nilifungua daftari la vipimo la Mami, ambalo sikuwahi kulisoma, maana lilikuwa la viuno na mabega ya watu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa duara. Juu ya ukurasa aliandika: Mama Rusi, brausi, mikono mirefu ya raini mbiri. Nilisoma mstari ule nikausikia. Nilimsikia yeye, na pini zake mdomoni. Kurasa zote zilikuwa hivyo, mtaa mzima umeandikwa kwa sauti ya mama yangu, wala hakuna vazi hata moja lililowahi kukosea kipimo. Mama Lucy aliniuliza nalilia nini. Nilirudi nyuma ya pazia nikaandika ngoriba, na ule uwanja wa rangi ya udongo ukafunguka.

Anko aliikuta imewaka. Alisimama mlangoni akipangusa viatu, akauliza Windows iko wapi, nikamwambia haina, akaguna. Nilimwonyesha barua niliyoandika, na mistari yangu. Niliamini ameshindwa, na kwamba kompyuta imebaki. Mtoto ana akili za mtoto.

"Kumbe iko sawa," alisema. "Basi ndiyo hata vizuri, itasaidia watu wenye wanasoma."

Akaanza kuchomoa waya. Nilisema ni ya Mami. Alisema atazungumza na Mami. Mama Lucy, ambaye hamwogopi mtu, alimuuliza kama kwao Mwiki maduka yamefungwa, naye akajifanya hakusikia. Alikuwa ameshaibeba monita tumboni kama mjamzito alipokumbuka kuuliza.

"Na paswadi?"

"Ngoliba, Anko."

"Herufi kubwa ama ndogo?"

"Ndogo zote."

Sikudanganya. Nilitamka sawasawa, jinsi nilivyofundishwa kwa kipande cha mbao.

Mami aliporudi na udongo wa Ngoliba kwenye kucha, hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga. Jioni ile Anko alipiga simu, akauliza mbona paswadi haifanyi kazi. Mami akamwambia ukweli mtupu. "Ni Ngoriba," alisema. Anko akajibu kwamba hivyo ndivyo alivyoandika. Mami akasema tena, Ngoriba, akamtajia na herufi moja moja, na alipofika ya nne Anko akamkatiza: sawa, sawa, anajua Ngoliba inavyoandikwa, yeye si mtu wa kufundishwa spelingi. Alipiga mara nne katika siku kumi. Mami hakumficha kitu hata mara moja. Lakini yule bwana alikuwa akisikia lafudhi, hakusikia herufi, kwa sababu tangu shuleni alizoea kumnyoosha mtu kabla hajamaliza kusema. Mdharau mwiba mguu huota tende. Jumapili ya pili aliirudisha mwenyewe, akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo, akasema hivyo ndivyo vitu vya bure vilivyo, imekufa. Mami alimpa chai. Alipoondoka, tuliichomeka, ikanguruma, ikatoa harufu yake. Safari hii Mami hakuniambia nigeukie ukuta.

Sasa mimi naishi Mwiki, karibu na alikokuwa akikaa Anko, na nina binti wa miaka sita, Muthoni. Nilifika kidato cha nne nikaishia hapo. Vyuma vile vya Tata Njeri havijawaka miaka mingi, ila nina laptopu ya mkono wa pili ambayo niliifuta mwenyewe nikaiwekea Linux, kwa dakika chache, kwa kijiti cha flashi kidogo kuliko kidole. Siku hizi mtoto anaiuliza simu swali kwa mdomo, nayo inamjibu. Mami akiiuliza inanyamaza, au inamwomba arudie. Na Alhamisi iliyopita Muthoni alirudi kutoka shule na kipande cha kadibodi shingoni, kwa kamba. Alikuwa amesema nirikuja. Amelelewa na nyanya yake nilipokuwa kazini, angesema nini kingine? Nilimvua kile kitu. Miaka yote hii, mabati yamekuwa ghorofa, diski ya mbao imekuwa ya kadibodi, basi. Leo, Jumatatu, nitakuwa shuleni kabla kengele haijalia, na mwalimu huyo atanisikiliza hadi nimalize.

Lakini jana, Jumapili, tulienda Witeithie kwanza. Kulikuwa kunanyesha. Nilimwonyesha Mami ile kadibodi nikingoja akasirike kama mimi. Aliipindua mara mbili, akaikata pembe kwa mkasi, akaanza kuizungushia uzi mweupe, maana alikuwa amekosa kitu cha kuwekea uzi. Muthoni alikuwa kitandani nyuma ya pazia na laptopu magotini, akataka kuchora. Akauliza paswadi. Nilimwambia ni jina la kwao cucu wake, yaani Mami, amuulize mwenyewe. Mami, bila kuinua macho kwenye uzi wake, akalitaja. Muthoni akaweka kidole juu ya kibodi, kisha akakiondoa. Akanitazama, mimi, kwa yale macho ninayoyajua, ya mtoto anayengoja kuambiwa kama aliyesema amekosea.

"Andika vile umesikia," nikamwambia.