Uso wa Baba Ulipotakata

Siku vipele vya baba vilipopotea usoni, ukoo mzima ulishangilia. Shangazi alipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani akidhani tuna harusi.

Kumbe tulikuwa tunashangilia dawa kugoma.

Ngojeni niwasimulie, maana mpaka leo nikikumbuka nachana nywele za watu kwa hasira. Mie ni msusi, wateja wangu wanajua.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu. Sigara hajawahi kuishika, lakini saratani ya mapafu haikuuliza. Hospitali wakampa kidonge kimoja kwa siku, cha kumeza tumbo likiwa tupu, akae kwanza ndipo ale. Mie ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo ufunguo wa kabati la dawa uko kwangu.

Kidonge kikamletea vipele uso mzima. Daktari akasema vumilieni, dawa hii mara nyingi iko hivyo, akatupa mafuta ya kupaka. Picha ya kifua ikaonyesha uvimbe umesinyaa.

Nilitoka pale nalia kwa furaha kama mjinga. Nikaandika habari kwenye kundi la familia la simu.

Jamani, kwa nini niliandika?

Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Waliosema hivyo hawajawahi kuingizwa kwenye kundi letu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, akajiteua mkuu wa mapishi. Asubuhi kweupe yuko mlangoni na chupa ya supu.

"Dawa gani ya kumezwa na njaa? Mnataka kuniulia mdogo wangu?"

Anasimama mbele ya baba, mikono kiunoni, mpaka aone kitako cha bakuli. Ikabidi niwe nampa baba kidonge alfajiri, kabla mkuu wa mapishi hajabisha hodi.

Akafuata kaka yangu. Kaka anauza makava ya simu, ila tangu aanze kutazama video za afya tunamwita Profesa. Yeye alileta juisi ya mabalungi.

"Inasafisha damu," akasema.

"Nani kasema damu ya baba ni chafu?"

"Wewe endelea na rasta zako."

Na baba? "Asante dada. Asante mwanangu." Anakula, anakunywa, anatabasamu. Mtu aliyekuwa akikohoa tu darasa zima linanyamaza, leo hawezi kumwambia dada yake nimeshiba!

Basi vipele vikapotea. Uso ukatakata, ukang'aa. Ndipo vile vigelegele.

"Supu yangu hiyo!" Shangazi akatuma sauti kwenye kundi.

"Ni balungi, shangazi," Profesa akajibu.

Wakagombana nani kamponya.

Hata hawajapatana, kikohozi cha baba kikarudi. Profesa akaja na antibayotiki. Eti kaongea na mtu anayejua.

"Mtu gani?"

"Anajua."

Tuliporudi kupiga picha, uvimbe ulikuwa umekua. Daktari, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya taratibu, akavua miwani. Akasema ikiendelea hivi itabidi tuiache dawa hii, na baada ya hii hana nyingi za kuchagua.



Jioni ile ile kikao kikakaa sebuleni kwetu. Shangazi akakifungua.

"Dawa ilikuwa inafanya kazi. Sasa haifanyi. Ufunguo anao nani?"

Macho yote kwangu.

"Siku hizi feki ni nyingi," Profesa akadakia. "Mtu anaweza kuuza halisi, akamwekea mgonjwa feki."

"Mtaje huyo mtu, Profesa."

"Sijataja mtu. Mbona unawaka?"

Nikamtazama baba. Alikuwa anatazama zulia. Hakunitetea hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko yote waliyosema wao.

Daktari nilipompigia simu alisema kitu kimoja: "Niletee kila anachomeza. Kila kitu." Nikajaza kapu, nikamchukua na baba. Shangazi na Profesa nao wakaja, kulinda ushahidi.

Daktari akashika antibayotiki. "Hii kaandika nani?"

Profesa akaanza kukagua dari.

"Hii na hilo balungi vinauzuia mwili kuivunja dawa ya saratani. Inajaa kwenye damu. Na chakula kikikaribiana nayo, inazidi pia."

"Si ndiyo vizuri, ikizidi?" Profesa akauliza.

"Kidonge si mshahara, kaka. Kikizidi kinadhuru."

Nikataka kucheka, nikajizuia.

Halafu daktari akakunja uso. "Lakini hivi vyote vinaongeza. Vipele kupotea ghafla, uvimbe kukua... mimi naona kama dawa haiingii kabisa. Kuna kitu kingine."

"Si nilisema?" Shangazi akanigeukia na kidole chake. "Si nilisema huyu mtoto?"

Baba akakohoa.

Chumba kizima kikanyamaza. Taratibu akatoa kasha la miwani mfukoni, akalifungua mezani. Ndani hamna miwani. Kulikuwa na vidonge vya kupunguza asidi, vile vya kiungulia.

"Tangu lini, Mwalimu?" daktari akauliza.

"Tangu supu."

Alikuwa akivinunua mwenyewe duka la dawa, anavimeza alfajiri nikimpa kisogo, pamoja na kidonge chake ili awe tayari kwa bakuli.

"Mwalimu, kidonge chako kinahitaji asidi ya tumbo ndipo kiyeyuke. Wewe ulikuwa unakizimia jiko."

"Baba! Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemkataza shangazi yako, vita vingeanza." Akashusha pumzi. "Mwanangu, saratani naiogopa. Ila dada yangu namwogopa zaidi."

Shangazi akashusha kidole chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hivyo tangu nizaliwe. Kisha machozi yakamtoka.

"Si ungesema tu, mdogo wangu?"

"Nilijaribu, dada. Ukaongeza bakuli."

Vyote vikaondolewa, kikabaki kidonge peke yake. Daktari akasema tusubiri, haahidi kitu.

Ndugu zangu, mficha maradhi kilio humuumbua, hilo tunalijua. Ila kabla hujamlaumu mgonjwa kwa kuficha, jiulize kama wewe unaambilika. Na ukienda kwa daktari taja vyote, mpaka juisi, mpaka kile cha kiungulia ulichokiona kidogo.

Shangazi siku hizi anakuja mikono mitupu, na unaona kabisa inavyomuuma. Profesa bado hajaniomba radhi. Mke wake ndiye mteja wangu, na sitanii, ninambana nywele kidogo.

Juzi namletea baba chai, nikaona kitu kwenye ncha ya pua. Nikasogea. Kipele. Na kingine shavuni.

Nilipiga vigelegele mpaka jirani akachungulia tena.