Ndama Katika Nyumba ya Kuku ya Mama

Naomba mnifichie jina, maana Likasi tunajuana. Nina miaka kumi na saba. Mwaka huu nimeacha shule, kwa kuwa mshahara wa baba haufiki tena na walimu nao hawaji. Mimi ni mwenye haya. Hata kanisani wakiniita kutoa ushuhuda najificha nyuma ya wengine. Ndiyo maana naandika.

Baba ni mtu wa hapa, mama ni wa Kasai. Watu wa Kasai walipofukuzwa hapa Likasi kwa kuambiwa si wenyeji, mama alilala na wenzake kwenye gare wakingoja treni, nami nilimpelekea bukari, ugali wetu, kila jioni. Nilitaka kuondoka naye. Ndugu za baba walikataa, wakasema mtoto ni wa baba. Treni ilipokuja, mama alinishika mkono kupitia dirishani: "Angalia nyumba yangu ya kuku. Kuku zikiisha, hakuna neno. Nyumba ibakie, nikuwe na pa kurudia."

Kuku waliisha kweli. Chakula chao kilikosekana, tukawala. Nyumba yao niliendelea kuifagia, pale uani kwetu, mtaa wa Kikula.

Mwezi uliopita baba alileta msumeno. "Tutaweka ndama humu," akasema. Alikata fito walizolalia kuku, akatoa masanduku ya kutagia, akapanua mlango. Mimi nilikwangua mavi yaliyoganda sakafuni, nikachimba mfereji wa mikojo, kisha nikapaka chokaa inayochimbwa Kakontwe, nikianza na pembe za kuta, kama mama alivyonifundisha. Baba aliangalia ukuta.

"Unapaka sawa na mama yako," akasema polepole, akatoka. Nilidhani naye anamkumbuka. Nilifurahi, jamani.

Ndama watatu walipofika, nilimuuliza shangazi, dada ya baba, ni wa nani.

"Eh, haujue?" akacheka. "Ni ya ule mama mujane wa njia ya Kakontwe. Ndama ndiyo inatangulia, mwenyewe anafwata. Nani atapeleka ndama yake kwenye hatalala?"

"Na mama?"

"Mama yako iko wapi? Weye mutoto, uko na kichwa nguvu! Baba yako atakula mawe?"

Nilimkuta baba akiwamiminia ndama maji. "Papa, ni kweli?"

Hakuinua kichwa. "Ndama iko na njaa. Lete majani."

Nilileta. Ndama hawana kosa. Yule mdogo hunyonya kidole changu. Na tangu waje, yule mjane hututumia maziwa, baba ameanza kunenepa mashavu. Hata yule mjane simchukii, na hilo linaniumiza zaidi.

Sasa mfanyabiashara mmoja wa kanisa letu anasafiri kwenda Kasai Jumapili, na anajua mama anakokaa. Ameniuliza, "Nimuambie mama yako nini?" Nikamwambia nitamletea jibu kabla hajaondoka.

Nikimtumia ukweli, nitamvunja moyo akiwa mbali, bila mimi wa kumshika. Nikinyamaza, siku moja atashuka kwenye gare na mizigo yake, abishe hodi kwetu, na mwanamke mwingine ndiye amfungulie.

Ninyi mlio mama, ninyi mlio mabinti, nisaidieni kabla ya Jumapili: nimpe yule mtu neno gani ampelekee?