Mkata Mihogo wa Masaki

Babu yangu, mzee Hashiru, alinieleza habari ya mihogo yake kwenye simu kabla sijamaliza kumwamkia. Kuna mtu anaingia shambani, alisema, anaikata mihogo michanga shinani na kuiacha hapohapo ikauke. Mwizi angesubiri ikomae akaichimba. Huyu hakuwa mwizi. Huyu alikuwa na lake jambo.

Mimi nipo Picha ya Ndege, kule Kibaha, nashona nguo. Nikamwambia labda ni nguruwe mwitu. Akaniuliza nguruwe gani anatembea na jembe, kisha akakata simu.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Alizaliwa Masaki, ndani ndani huko Kisarawe, na ujana wake aliumaliza kwenye matanuri ya mkaa, mpaka alipomwoa bibi, Mwanaamina, ambaye hakutaka kulala na mtu anayenuka moshi. Akaacha mkaa. Wakalima mihogo, wakahudumia mikorosho ya urithi, wakalea watoto, na mlango wao ulikuwa wazi kwa kila mpita njia. Kilichombadilisha ni msimu mmoja aliokwenda Mlandizi kumuuguza dada yake. Aliporudi alikuta nusu ya shamba imesafishwa, mikorosho iko chini, na mtu asiyemjua anapima ardhi kwa kamba. Mdogo wake, Abeid, alikuwa ameiuza sehemu hiyo na kuhama bila kuaga.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo babu alianza kusikiliza salamu za watu kama anayetafuta kitu kilichofichwa ndani yake.

Mnunuzi yule aliitwa Laurean, mtu wa Kagera aliyestaafu kazi ya udereva na kujenga nyumba yake ya matofali ng'ambo ya mpaka wa mikonge. Hakujua kwamba muuzaji alikuwa na kaka. Baadaye alikuja kuomba radhi, babu akamsikiliza akiwa amesimama na hakumkaribisha mkeka. Miaka ikapita hivyo, wakiamkiana kwa mbali.

Kwa hiyo mihogo ilipoanza kukatwa, babu hakuhangaika kumtafuta mtu. Alimpeleka shambani mwenyekiti wa kitongoji, bwana Yassin, akamwonyesha mashina kwa kuyapapasa. Yassin aliinama, akayatazama, akatazama na magugu yaliyolimwa pembeni yake. Akasema atalifanyia kazi, akaondoka upesi. Babu aliniambia baadaye kwamba upesi ule haukumpendeza, na kwamba huenda Yassin naye ameshalishwa hongo.

Nilipokwenda kumsalimia nilikuta mambo yamezidi. Chai aliyopelekewa na mke wa mjomba wangu aliinusa kwanza. Aliniuliza kwa nini nimekuja katikati ya juma, nani kaniita. Kisha akanishika mkono mpaka shambani, akaniinamisha kwenye tuta.

"Shika hapa," akasema. "Hii sikuipanda mimi."

Ilikuwa pingili ya muhogo, mpya, imeanza kuchipua pale palipokatwa shina la zamani. Zilikuwapo nyingine, huku na huku. Niliogopa, kwa sababu kwetu mtu akipanda kwenye shamba lako kimyakimya, siku moja atasimama barazani aseme mazao ni yake, na ardhi iliyoyaotesha ni yake. Babu alikuwa ameshafika huko. Anakata vyangu, alisema, anapanda vyake, na mimi nikifa mtaambiwa shamba lote lilishauzwa zamani.

Asubuhi iliyofuata alijificha nyuma ya mkorosho, nami nikamfuata kwa sababu alikuwa amebeba panga. Jua lilikuwa limeshapanda. Tukaona mtu anavuka mikonge na kifungu cha miti ya muhogo begani, anakwenda moja kwa moja kwenye matuta ya babu, anachuchumaa, anachomeka pingili. Babu alitoka.

"Leo nimekukamata, Laurean."

Laurean alisimama taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali. "Shikamoo, mzee."

"Salamu yako weka. Nani kakutuma uikate mihogo yangu?"

Laurean alinitazama mimi kwanza, kama anayeomba ruhusa, nami sikuelewa ruhusa ya nini. "Siikati, mzee. Naipanda. Unaikata mwenyewe unapopalilia. Sikutaka uvune magugu."

Babu aliinua panga, nikamshika mkono. Alimwita Laurean mwongo, akamwambia amemaliza ardhi ya Abeid sasa anataka kumfanya na yeye kichaa, ili watoto wake wamwondoe shambani. Laurean aliziacha pingili zake palepale akarudi kwake.

Ili kunionyesha uongo wa mtu yule, babu alitupa panga, akachukua jembe na kuanza kupalilia mbele yangu. Alilima vizuri kama siku zote, mgongo umenyooka, jembe linaingia na kutoka bila papara. Kwenye tuta la pili lilipita kwenye shina la muhogo likalikata. Hakusimama. Akalisukuma pembeni kwa mguu pamoja na majani, akaendelea, uso wake umetulia.

Nilimwita. Nikaliokota lile shina, nikamwekea mkononi likiwa bado linatoa utomvu.

Alilipapasa muda mrefu. Aliligeuza, akalisogeza karibu na uso, kisha mbali, akakaa kwenye tuta. Nilipomtazama machoni kwa karibu niliona kilichokuwapo siku zote, ukungu mweupe katikati ya mboni zote mbili.

"Yassin alijua?" akauliza.

Nikasema nadhani alijua, alipoona magugu yamelimwa na muhogo umekatwa kwa pigo moja.

"Na mke wa mjomba wako?"

Niliinama nikaliokota jembe.

"Basi sikukosea," akasema. "Nilijua kuna kitu mnanificha."

Nikampeleka Kibaha, hospitalini, akakaa kwangu miezi kadhaa akisubiri zamu ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Hakuwa mgonjwa mwepesi. Alimwuliza daktari kama kile anachokitoa anakwenda kukiuza. Dawa ya matone alitaka niianze mimi kwenye jicho langu. Aliposikia kwamba watafanya jicho moja kwanza na jingine baadaye alisema hiyo ni janja ya kumrudisha, lakini alilala kwenye kitanda chao, na nilipomuaga mlangoni alinishika vidole kama mtoto, hakuviachia mpaka muuguzi alipomwomba.

Walipofungua bandeji alinitazama. Kisha akasema nimekonda, na kwamba nimefanana na Mwanaamina kuliko alivyodhani. Aliyasema hayo akiwa amegeukia ukuta.

Tuliporudi Masaki hakuingia ndani. Alianzia mpakani. Aliukagua mkonge mmoja baada ya mwingine, toka barabarani mpaka bondeni, akichungulia kama kuna uliong'olewa na kusogezwa. Haukuwapo. Ndipo akaja shambani, akasimama kwenye mihogo. Karibu nusu yake ilikuwa na vikonyo vyekundu, mbegu ya Laurean, imeshampita kiuno. Yake ya zamani ilibaki mojamoja katikati.

Laurean alikuwa kwake anakoroga chokaa. Babu alimwendea, na safari hii ni yeye aliyevuka mikonge.

"Mbegu yako hii," alisema, "ni tamu au chungu?"

"Ni tamu, mzee."

"Nitajuaje?"

Laurean aling'oa shina moja la kwake, akamenya muhogo mbichi, akauma na kutafuna. Babu alimwangalia mpaka alipomeza. Kisha akanyoosha mkono, akapewa kipande, akala na yeye, wamesimama wote wawili juani.

Ya Abeid hawajayamaliza, na ardhi ile babu bado anaiita ya baba yake. Lakini mavuno yalipofika walichimba pamoja, na siku ya kufanyiwa jicho la pili aliyempeleka kituo cha basi ni Laurean. Babu alinieleza hilo kwa simu. Akaongeza kwamba hajui mtu yule anataka nini hasa, ila amemkaribisha mkeka, akae karibu, amwone vizuri.