Kibali cha Kubomoa

Ninayo kumbukumbu ya siku moja, mwanangu, ambayo haimo katika jalada lolote kati ya yale niliyoyafungua na kuyafunga kwa miaka yote ya utumishi wangu. Leo naiandika mwenyewe, kwa sababu aliyestahili kuisimulia amelala nyuma ya nyumba hii hapa Bisibo, upande wa migomba, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kulalamika.

Nilikuwa kijana, afisa mdogo Ngara mjini, na kazi yangu ilikuwa kutunza nyumba za watumishi. Nilijua kila nyumba ina milango mingapi, vitasa vingapi, na kioo kipi kimepasuka. Nilikuwa nimemwoa Leokadia, binti wa familia iliyovuka mto kutoka Rwanda kabla yeye hajazaliwa. Tulikuwa na mtoto mmoja, Edita, ambaye siku hizo ndiyo kwanza anasimama kwa kushikilia vitu. Sisi nasi tuligawiwa nyumba: vyumba viwili, kuta nyeupe, sakafu ya saruji yenye baridi, na jiko la nje lisilo na kitu isipokuwa mafiga matatu. Kwenye orodha ya makabidhiano niliandika kwamba nyumba haina kasoro. Ni kweli haikuwa nayo. Lakini mtoto hakuwa na mahali pa kukaa pasipo na baridi, na mama yake alipika akiwa ameinama mpaka chini, mkono mmoja ukikoroga na mwingine ukimzuia mtoto asiufikie moto.

Nilisafiri kikazi kwa wiki mbili. Niliporudi, nilimkuta Leokadia mlangoni, mikono ina udongo mpaka viwikoni, anacheka kabla sijaweka mkoba chini.

"Baba Edita, usiingie na viatu. Leo hapa kuna mwenye nyumba."

Niliingia. Kule jikoni alikuwa amejenga jiko la udongo lenye matundu mawili, limeinuka usawa wa kiuno, mtoto hawezi kulifikia. Pembeni ya jiko alikuwa amesimamisha kichanja cha vyombo kwa matete aliyoyafunga mwenyewe. Ndani, kando ya ukuta wa sebule, alikuwa amejenga benchi la udongo na kulipiga msasa kwa jiwe la mtoni mpaka likawa laini kama sahani. Na juu ya benchi, ukuta mzima ulikuwa umebadilika. Alikuwa amechanganya samadi mbichi ya ndama na majivu, akaibandika ukutani kwa vidole ikawa vituta vyembamba vilivyokwenda kwa pembe, juu na chini, vikikutana na kuachana. Kisha akapaka udongo mweupe, udongo mwekundu, na weusi wa masizi. Mama yake alimfundisha, na mama yake alifundishwa na bibi huko walikotoka. Ilimchukua siku zote nilizokuwa safarini.

Edita alikuwa amesimama juu ya benchi. Alishika kituta kwa vidole vyake, akapiga hatua, akashika kinachofuata, akapiga nyingine. Alikuwa anajifunza kutembea kwa kuufuata ukuta ule.

Sasa nakuomba unisikilize vizuri, mwanangu, maana hapa ndipo kosa langu lilipo na sitaki lipunguzwe. Sikusema kwamba ni kizuri, ingawa nilikiona kuwa ni kizuri. Nilisema, "Umeweka samadi kwenye ukuta wa serikali."

"Ni ya ndama tu," alinijibu. "Haina hata harufu. Nusa."

"Mpangaji haruhusiwi kuongeza wala kupunguza chochote bila kibali. Mimi ndiye ninayewaandikia wenzangu barua za onyo kwa jambo hilo hilo."

"Basi jiandikie na mimi nitakusaidia kuisoma," alisema, bado anacheka. Alidhani tunataniana. Tulikuwa na mazoea hayo.

Siku chache baadaye zikaja habari kwamba mkaguzi kutoka mkoani atapita kuangalia nyumba za watumishi. Niliogopa. Niliwaza namna watakavyosema ofisini: mwenye kusimamia kanuni ameigeuza nyumba yake kibanda. Asubuhi moja Leokadia alipokwenda sokoni na mtoto mgongoni, nilichukua jembe na panga. Nilibomoa jiko. Nilibomoa benchi. Kisha nikakwangua ukuta, kituta kimoja baada ya kingine, nikapaka chokaa mara mbili. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Nakumbuka nilijisifu kwamba sikuacha hata alama.

Aliporudi alisimama mlangoni, akautazama ukuta. Alimteremsha mtoto, akaenda jikoni, akayapanga upya mafiga matatu. Edita alitambaa mpaka ukutani, akasimama, akapeleka mkono kutafuta kituta cha kushika. Mkono ukateleza. Akajaribu tena, ukateleza, akakaa chini. Hakulia, mwanangu. Aligeuka akamtazama mama yake, kama mtu anayeuliza alikosea wapi.

Mkaguzi alikuja. Alisimama uani, akayatazama mabati kwa mbali, akanywa maji, akaniuliza kama barabara ya Nyakanazi inapitika, akaondoka. Hakuingia ndani.

Ofisini kwetu alikuwapo tarishi mmoja, mzee Laurenti, Mhangaza wa pale pale Ngara, aliyebeba barua zangu zote za onyo na kuwasomea wale wasiojua kusoma. Kesho yake alipita nyumbani kuniletea majalada, akaliona lundo la udongo nyuma ya jiko, na ndani yake vipande vyenye rangi nyeupe na nyekundu. Aliokota kimoja, akakifuta kwenye koti lake.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, Bwana Afisa. Hiki ni nini?"

"Nyongeza isiyo na kibali. Nimeiondoa."

"Ahaa." Alikigeuza kile kipande. "Na kanuni inasemaje? Nikumbushe, mimi ni mtu wa kubeba tu."

"Mpangaji haruhusiwi kuongeza wala kupunguza bila kibali."

"Wala kupunguza." Alitikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo kibali cha kubomoa ulikipata kwa nani?"

Hakusubiri nimjibu.

"Kijana wangu, nimepeleka barua zako katika nyumba nyingi hapa mjini. Nyingi ukiingia, unaona watu wamefikia tu, wanangoja uhamisho. Ya kwako ilikuwa na mtu anayeishi. Nilipita wiki iliyopita, mama alinikalisha kwenye lile benchi, nikapata uji. Sasa nikija utanikalisha wapi? Kwenye kanuni?"

Alikiweka kipande mfukoni mwake akaenda zake. Nilikasirika siku nzima. Nilimwona mzee asiye na adabu kwa mkubwa wake wa kazi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba siku ile alikuwa ameona aibu kwa niaba yangu.

Tangu hapo Leokadia aliishi katika kila nyumba ya serikali kama mgeni mwenye adabu. Tulihamishwa mara nyingi. Kila tulipofika alifagia, akatundika kalenda ya kanisa kwenye msumari ambao aliukuta tayari, akayapanga mafiga yake. Alipika na Edita mgongoni, kisha na wadogo zake mmoja mmoja, kwa sababu moto ulikuwa chini. Mgongo ukaanza kumuuma angali kijana. Mara moja, tukiwa kituo kingine, nilimwambia kwa kujikaza kwamba angeweza kupamba kidogo kama anapenda. Alinitazama bila hasira yoyote. "Nyumba haina kasoro, Baba Edita," alisema. Nilielewa anayanukuu maandishi yangu.

Nilipostaafu tulikuja hapa Bisibo, nyumbani kwetu, tukaimaliza nyumba yetu wenyewe. Siku rangi ilipokauka nilikwenda kwa jirani nikaomba samadi ya ndama. Nikachekecha majivu. Nikaenda mwenyewe bondeni kuchimba udongo mweupe, mimi niliyekuwa sijachafua mikono kwa miaka yote ile. Nikaviweka mbele ya ukuta wa sebule, nikamwita.

"Mama Edita, ukuta huu ni wako."

Aliviangalia vile vyombo, akaniangalia mimi nilivyopakaa udongo mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikaona kile kicheko cha mlangoni.

"Kibali kimetoka?" aliuliza.

"Kimetoka."

"Kimechelewa kidogo."

Lakini alikunja mikono ya gauni. Vidole vyake wakati huo vilikuwa vimevimba viungo, na vya kulia havikunyooka tena. Aliweka kituta cha kwanza kutoka pembeni mwa mlango, akakivuta taratibu, urefu wa mkono mmoja. Hakikwenda sawa, kilitetemeka alipotetemeka. Akasimama, akausugua mkono wake. "Nitamalizia nikipata nafuu," alisema. Nilizifunika zile ndoo kwa majani ya mgomba zisikauke. Zilikauka. Nafuu haikuja.

Siku ya mazishi nilisoma wasifu wake, nikiwa nimeuandika kwa utaratibu kama nilivyoandika kila kitu. Nilisoma kwamba marehemu alikuwa mama wa nyumbani, na kwamba mumewe aliijenga familia. Watu wakaitikia kwa kichwa. Naomba kumbukumbu hiyo isahihishwe. Mimi nilitunza nyumba za serikali. Aliyejua kuifanya nyumba iwe ya watu alikuwa yeye, na mimi nilimzuia kwa mikono yangu.

Baadaye, tulipokuwa tunajiandaa kumaliza matanga, mkwe wangu, kijana mwema, alitaka kunisaidia kupaka sebule upya. Alikwangua kidogo karibu na mlango, akaniita, "Baba, hapa pana tope limekauka, niliondoe?" Kabla sijajibu Edita aliingia kutoka jikoni. Ni mama sasa, ana mgahawa wake Nyakanazi.

"Liache," alimwambia mumewe. "Hapo ndipo mama alipofika."

Mtoto wake mdogo ndiyo kwanza anasimama. Akija hapa hushika kile kituta, akakifuata hatua tatu, nne, mpaka kinapokoma. Hapo husimama na kugeuka kunitazama.

Basi, mwanangu uliyeanza maisha na mwenzako katika chumba cha kupanga, au katika banda unaloliita la muda huku unangoja nyumba kamili: hakuna siku mtakazoishi za muda. Mwenzako akijenga jiko kwa udongo, akafuma mkeka wa kumlaza mtoto, akapaka ukuta kwa alichonacho, usimpime kwa macho ya wageni watakaosimama uani na kuondoka. Shika udongo pamoja naye. Kama hujui, mkorogee. Kama huna la kukoroga, kaa kwenye benchi alilojenga, umwambie kwamba ni zuri, umwambie siku hiyo hiyo. Na ukisikia mkono wako unataka kubomoa kilichojengwa kwa upendo, jiulize kwanza kibali umekipata kwa nani.

Mungu aibariki nyumba yako ingali na udongo mbichi. Awape mikono mizima ya kuimalizia, nanyi mwimalizie mkiwa wawili.