Makopo ya Mafuta kutoka Hamburg

Kuna siku moja hunijia kila ninaposikia kijana wa hapa Tanga anaaga kwenda ng'ambo kununua bidhaa. Ni siku ya harusi ya dada yangu Zuhura. Nitakusimulia, mwanangu, kwa kuwa na wewe umeshapata pasipoti na miguu yako haitulii, kama yangu isivyotulia mpaka leo.

Nyinyi mmekulia kwenye maduka yaliyojaa. Ujana wetu sisi ulipita kwenye foleni. Ukiona watu wamejipanga, unasimama nyuma yao kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Niliwahi kusimama tangu asubuhi, nikafika mbele nikakuta ni viatu vya mpira vya kike, na nikavinunua. Tulikula ugali wa unga wa njano, tukafua kwa majani ya mpapai, na aliyepata mafuta ya kupikia aliyaficha chini ya kitanda.

Na kulikuwa na jambo jingine tulilojifunza bila mwalimu. Muuzaji wa duka la kaya, lile la mgao wa serikali, akikutikisia kichwa kwamba hakuna, ulijua kipo, ila kimewekewa wenyewe. Basi huondoki. Unabembeleza, unagomba, unang'ang'ania mpaka achoke akutolee. Aliyekubali jibu la kwanza alirudi nyumbani mikono mitupu. Tabia hiyo ilitufaa hapa. Sikujua kwamba niliibeba hadi Ulaya.

Nilipomaliza kidato cha nne sikukaa. Nililima Maramba, nikaenda Pemba msimu wa karafuu, nikarudi kwetu Chumbageni, na mwishowe nikapata kazi kwenye meli iliyopakia katani. Meli hiyo ikatufikisha Hamburg, Ujerumani. Mama alikuwa amenituma kitu kimoja tu: mafuta ya kupikia, kwa ajili ya harusi ya Zuhura. Pilau ya harusi bila mafuta, alisema, ni kuwatukana wageni.

Karibu na bandari kulikuwa na duka dogo la vyakula, na ndani yake makopo yamepangwa ukutani mpaka juu, wala hakuna anayeyagombania. Nilisimama nikayatazama tu. Mengine yalikuwa na picha ya samaki, mengine ya njegere. Nikaona makopo meupe yasiyo na picha, nikaonyesha kidole. Muuzaji, mama wa makamo, akafungua moja lililokuwa la kuonyeshea. Ndani yake kulikuwa na mafuta meupe yaliyoganda vizuri, kama yale yaliyokuwa yakiletwa kwa magendo kutoka Mombasa. Nikajua nimefika. Maandishi ya ubavuni niliweza kuyasoma herufi kwa herufi, lakini maana yake sikuijua, na sikujishughulisha kuitafuta.

Nilipoyapanga makopo kwenye kaunta, yule mama akanitazama kichwani. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya viua, ile ya kwendea msikitini. Akatikisa kichwa. Akasema maneno, kwanza polepole, kisha kwa sauti kubwa zaidi, kama vile ningemwelewa akipiga kelele. Kiingereza changu cha shuleni hakikumfaa kitu. Akayavuta makopo upande wake.

Moyoni nikasema, kumbe na huku ni yale yale. Anawawekea wenyewe.

Nikayavuta upande wangu. Akaweka kidole kwenye pua yake, akaisukuma juu, akakoroma. Mwanangu, nilidhani anaidhihaki pua yangu. Damu ikanichemka. Nikaweka pesa mezani kwa kishindo, nikayakumbatia makopo yote. Watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Yule mama akainua mikono, akapokea pesa, na hakunitazama tena. Nikatoka nikiwa nimeshinda.

Nyumbani mama alilipangusa kopo la kwanza kwa kanga yake, akaligeuzageuza.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya kupikia, mama. Ya Ulaya."

"Nimekuuliza ya nini, sikukuuliza ya wapi."

"Ya mimea," nikasema. Neno hilo lilinitoka tu mdomoni. Akaniamini, maana nilikuwa nimesoma.

Siku ya harusi masufuria makubwa yaliazimwa kutoka chuoni, yale ambayo watoto wa Kurani hupikiwa futari. Vitunguu vikaanza kukaangwa uani asubuhi, na wanawake wa mtaa mzima walikuwepo wakichambua mchele na kunitania kwamba mwaka huu nisipooa wataniozesha kopo. Hapo ndipo alipoingia Mama Elia na mzigo wa kuni. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mlutheri, Mshambaa wa Lushoto. Wakati wa harusi zetu alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Aliweka kuni chini, akasimama karibu na sufuria. Kisha akainama akalinusa kopo lililokuwa tupu.

"Mama Zuhura, njoo mara moja."

Wakaenda pembeni, karibu na pipa la maji. Nami nikawafuata, kwa kuwa nilitaka kusifiwa.

"Dada yangu, unisamehe," alisema Mama Elia kwa sauti ndogo. "Haya ni ya nguruwe. Kwetu tunafuga, tunayayeyusha wenyewe. Siwezi kukosea harufu yake."

Mama akanigeukia. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza, "Yule aliyekuuzia hakukwambia?"

Nikamweleza yote, kofia, kichwa kilichotikiswa, pua. Nilipofika kwenye pua, Mama Elia akajiziba mdomo, na nadhani siku nyingine angecheka. Mama hakucheka.

"Mwanamke yule aliiona kofia yako, akakuheshimu," alisema. "Amekukataza kwa maneno, amekukataza kwa mikono, mpaka amejigeuza mnyama mbele ya watu ili uelewe. Wewe ukamwona mlanguzi."

Mjomba wetu, aliyekuwa msimamizi wa mapishi, alishasogea. Akasema tumwage kimya kimya, tusuuze masufuria, tuanze upya. Hakuna aliyekwisha kula. Nani atajua? Waoaji walikuwa njiani kutoka Pangani, na habari kama hiyo ingetosha kumrudisha Zuhura chumbani na hina yake mikononi.

"Masufuria haya yanapikia watoto wa chuo," mama akamjibu. "Hamza ataosha. Mara saba, moja kwa udongo, kama dini inavyotaka, hapa uani, kila mtu aone. Na anayetaka kuuliza kwa nini, aulize."

Nikaosha. Wanawake waliacha kuchambua mchele. Kisha mmoja akasema, "Sugua na masikio, hapo ndipo uchafu hujificha," nami sikujua kama anasema masikio ya sufuria au yangu. Makopo yaliyobaki nilitaka kumpa Mama Elia, akakataa kuyapokea siku ile mbele ya wageni. Akaniambia niyafukie.

Waoaji walipofika hakukuwa na pilau, kulikuwa na moshi na masufuria yaliyoanikwa. Mama alimpokea mama mkwe mlangoni, akamkalisha, na kabla hata ya maji ya kunywa akamwambia kila kitu, bila kupunguza na bila kunitetea. Nilikuwa nimesimama pale na udongo hadi viwikoni. Yule mama wa Pangani alimsikiliza mpaka mwisho. Alimtazama Zuhura, akanitazama mimi, akautazama mchele uliokwisha kuoshwa.

"Aliyeniambia hili," alisema, "hatanificha jingine."

Akavua buibui, akakunja kanga, akauliza mbuzi ya kukunia nazi iko wapi.

Wageni walikula wali wa nazi alasiri, wamechelewa na wana njaa. Zuhura yuko Pangani mpaka leo, na ana wajukuu.

Sasa sikiliza, mwanangu. Huko unakokwenda utakuta maneno usiyoyajua kwenye kila pakiti. Usione haya kuuliza, hata ukionekana mjinga mbele ya foleni nzima. Haya ya dukani huishia dukani. Usichokijua, usikitolee jina. Mimi nilitamka "ya mimea" kwa pumzi moja tu, na mama akawasha moto juu ya neno hilo. Na muuzaji akikataa kukuuzia, tulia kwanza. Dhiki ya kwetu ilitufundisha kwamba anayekunyima ni adui, lakini yapo mengi unayonyimwa na mtu anayekutakia mema, na lugha yake hailazimiki kuwa yako ili uone anahangaika kwa ajili yako. Na ukikosea, sema kabla chakula hakijapakuliwa.

Mungu akutangulie njiani, akukutanishe na watu watakaokuzuia kwa wema, akupe utulivu wa kuwatazama usoni. Akurudishe mzima, na chakula utakachowaletea watu wako kiwe halali, cha kuliwa kwa amani. Amin.