Ua la Mvua Nyuma ya Nyumba ya Bibi

Leo asubuhi hapa mjini Makole nimemsikia tipitipi kwenye michongoma, mwenzangu, nikaacha fagio nikakaa chini. Magoti yenyewe haya hayanitaki tena. Yule ndege akilia utadhani mtu anamimina maji kwenye chupa, du-du-du-du, na kwetu Kondoa akianza hivyo ujue mvua iko njiani. Wajukuu wakanicheka: "Bibi, huyo ndiye anakukalisha?" Nimechoka hata kuwaeleza. Wewe nikwambie.

Bibi yangu mimi hakumwamini tipitipi peke yake. Alitaka na ua. Nyuma ya nyumba lilikuwepo ua jekundu, la duara, la nyuzinyuzi, linachomoza kwenye vumbi likiwa uchi, halina hata jani. Likitoka, ndiyo tunashusha masuke ya uwele yaliyokula moshi juu ya jiko, tunapukuchua, tunapanda kwenye kavu kuisubiri mvua. "Ndege ana mdomo, anaweza kudanganya," alisema. "Ua halina mdomo."

Basi miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, jirani yetu mmoja, mama aliyeuza mitumba, akajenga bafu la matofali. Weee! Tulikuwa tunakwenda kulichungulia. Mwaka huo ua likatoka mapema, kubwa, jekundu hilo. Tipitipi kimya.

"Mama, tusubiri kidogo," mama yangu akasema. "Ndege hajalia."

"Kwani wewe umeolewa na tipitipi?" bibi akamjibu. Tukacheka, tukaenda kupanda. Mbegu yote.

Jua likawaka. Wakaja njiwa, wakaja kanga, wanafukua utadhani wamealikwa. Sisi watoto tulishinda shambani tunapiga madebe mpaka sauti zikakauka, na sisimizi nao chini wanabeba kilichobaki. Ndipo jirani akaja kuazima jembe, akaliona lile ua, akashika kiuno kwa kicheko.

"Shikamoo bi mkubwa! Kumbe ua lako linaoga na mimi! Si maji ya bafu langu hayo, yanapita chini ya uzio?"

Bibi hakucheka. Aliinama, akachota udongo, akaunusa. Sabuni.

Mvua ilipokuja ya kweli, ndege wanalia kila kichaka, hatukuwa na cha kupanda. Jirani hakuwa mbaya, alituletea mahindi ya mbegu ya dukani, tukapanda, tukala. Lakini ule uwele mdogo wa kijivu, alioachiwa bibi na mama yake, haukurudi. Kila mgeni aliyetoka vijijini, bibi alimuuliza kabla hata hajamkaribisha maji: "Uwele wa zamani bado mnao?" Wameacha, walimwambia. Siku hizi mahindi. Akafa anauliza.

Mimi nikipita sokoni huwa natia mkono kwenye gunia la uwele, nauchekecha vidoleni, natazama. Muuzaji ananiambia, "Bibi, si uchukue hata kilo?" Siyo wenyewe. Naurudisha guniani, napangusa mkono kwenye kitenge, naenda zangu.